Aya ya Saba

Alikuja Jumanne, saa nne kasoro,
chai ya ofisini haijachemka,
gazeti letu la Jumapili amelikunja mara nne
kama risiti ya kitu anachokirudisha dukani.
Askari wa mlangoni akanipigia simu:
"Kuna bubu hapa chini anakutaka."
Nikashuka ngazi na samahani yangu tayari,
yenye utangulizi, kiini na hitimisho.

Kichwa cha habari nilikitunga mimi, si Kagendo.
KIZIWI ANAYETIBU REDIO ASHANGAZA KARIOBANGI.
Kagendo, mwezi wake wa tatu kazini, alikuwa ameanza hivi:
"Zablon Mukhwana hufungua duka saa moja na nusu,
hupangusa meza kwa kitambaa cha bluu,
kisha huweka kidole juu ya spika."
Nikaona huu mwendo wa kobe. Nikakata.
Jina nikalisukuma chini, chini tena,
nikatia *licha ya*, nikatia *anaugua*,
nikatia majirani walioshika vinywa.
Zilibaki dakika kumi na moja mtambo uanze kuchapa.

Jumatatu niliposikia atakuja
nililala na sarufi kifuani.
Kiziwi, kipofu, kilema, kiwete:
nani aliwapanga watu rafu moja na kijiko na kiatu?
Halafu nikaona kwamba lugha yenyewe iliona haya njiani,
kwani hakuna mama, awe wa Pumwani au Kangemi,
aliyewahi kusema kiziwi *kimekuja*.
Amekuja, husema. Ameketi. Mpe chai.
Nomino imevikwa *ki*,
kitenzi kimekataa katakata kuivaa.
Niliipenda sana hoja hii.
Nilikusudia kumpa kama zawadi.

Tuliketi kwenye benchi la mapokezi.
Akatoa daftari la shule,
lile lenye jedwali la kuzidisha mgongoni,
akaandika kwa herufi zinazoegemea kushoto:

*Jina langu liko aya ya saba. Nimehesabu.*

Akafikiri kidogo.

*Siugui. Mwaka juzi niliugua malaria, siku tano.*

Nikaomba kalamu, nikamwandikia habari za ngeli,
mistari sita, na mifano.
Aliifuata kwa kidole hadi mwisho, akacheka kwa mabega.

*Kiziwi ni mimi, mwalimu. Hata chama chetu kinajiita hivyo.
Neno silikatai.
Lakini mbona limekaa kwenye kiti changu?*

Kalamu ilikuwa yake. Nilimrudishia.

Kagendo akashuka, akamsalimu kwa mikono,
polepole, kama anayevuka mto kwa mawe.
Akamwita: kidole mara mbili kidevuni, penye kovu.
Kumbe hilo ndilo jina wanalomwita wanaomjua,
nalo halikuwa hata aya ya saba.
Sijui ningeliandikaje.
Najua sikuuliza.

Hakudai turadhiane.
Alitaka tuseme kwamba hutengeneza pia feni na pasi,
na kwamba Jumamosi hafungui, ni siku ya ibada.
Ikatoka Alhamisi, ukurasa wa pili, chini,
kisanduku cha ukubwa wa stempu.
Kilianza na *Zablon Mukhwana*.
Bosi akauliza, huyu ni nani, msomaji atajuaje?
Nikamwambia asome mpaka mwisho, ni sentensi mbili tu.

Ijumaa nikabeba redio yangu ya jikoni,
iliyonyamaza tangu Krismasi,
nikashuka Kariobangi, nikapanga foleni
nyuma ya mwanamke mwenye feni.
Kitambaa kilikuwa cha bluu kweli.
Akafungua, akapuliza vumbi, akaunga waya mmoja mwembamba,
akaweka kidole juu ya spika, akangoja.

Ikatetema. Ilikuwa taarifa ya saa saba.
"Machokoraa watano," mtangazaji akasema,
sauti nzuri, iliyokunywa maji,
"wameondolewa katikati ya jiji,"
kisha akahamia bei ya mafuta.

Mukhwana akaniinulia dole gumba: inafanya kazi.

Shilingi mia nne.
Hakunipunguzia.